Mihuri Miwili kwenye Tangi Moja

Roberta Quillen alikuwa na sikio. Watu wa kiwandani walisema hivyo tu, "Roberta ana sikio," na yeyote pale Palmdale aliyewahi kufanya kazi ya ndege alielewa maana yake. Alishika sarafu ya nusu dola, ile nzito ya zamani, akagonga ukuta wa ndege polepole, hatua kwa hatua, kichwa amekiinamisha kama anayemsikiliza jirani nyuma ya ukuta. Pale gundi iliposhika vizuri, sarafu ililia sauti kali na safi. Pale gundi ilipoachia, hata kama ni upana wa kiganja cha mtoto, sauti ilikufa. Mashine za kupima zilikuwepo, na zilikuwa nzuri, lakini mashine ilitaka kusogezwa, kupangwa na kupata nafasi ya kuingia. Roberta alitaka watu wanyamaze basi.

Sikio hilo hakulipata kiwandani. Baba yake alitoka Oklahoma na watoto sita kufuata vibarua vya kuvuna pamba karibu na Bakersfield, na mama yake akawa anapiga kinanda katika kanisa dogo la Kibaptisti. Kinanda kilikuwa kibovu. Roberta akiwa na miaka tisa ndiye aliyemwonyesha fundi ni waya upi uliolegea. Akaolewa na Earl Quillen, wakahamia kwenye bonde hili la upepo, Earl akaingia kiwandani, na mwaka wa 1966 naye akaingia. Alianza kwa kupiga ribiti, vile vijipini vya chuma vya kuunganisha mabati ya ndege. Miaka ikaenda, ribiti zikapungua, ndege zikaanza kutengenezwa kwa vitambaa vya kaboni na gundi, na wakubwa wakagundua kwamba mama huyu wa kwaya anasikia kisichoonekana. Wakampa muhuri wa ukaguzi. Earl alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, Roberta alibaki na nyumba, bustani ya waridi ambayo upepo haukuiacha hata wiki moja itulie, na muhuri.

Muhuri wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kidole, wenye namba 214. Namba hiyo ilikuwa yake peke yake. Kila kitu alichokipigia muhuri kiliondoka na namba hiyo, kikaruka nayo popote, na mkaguzi alipostaafu, muhuri wake ulisagwa kwa tupa mbele ya mashahidi wawili ili mtu mwingine asije akautumia. Watu wa kazi ile hawakuazimana mihuri. Mtu angeweza kukuazima gari lake, au hata kukuachia nyumba yake akisafiri, lakini si muhuri.

Mwaka wa 1998 Roberta alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kazi iliyokuwa bandani ilikuwa ile ndege ambayo kwenye karatasi ilikuwa na jina refu na mafundi wakaiita Kabari, kwa sababu ilikuwa na umbo hilo hasa, nene nyuma na nyembamba mbele. Kabari ilikuwa iende mpaka juu ya anga, irudi, itue kwenye uwanja kama ndege za abiria, ifutwe vumbi, ijazwe mafuta, iende tena. Miaka yote watu walikuwa wakirusha maroketi na kuyaacha yaanguke baharini, kila safari chombo kipya. Kabari ilikuwa ikomeshe huo uharibifu. Roberta alipenda sana wazo hilo. Alikuwa mtu wa kushona soksi zilizotoboka.

Hii kazi ilikuwa ya serikali na kampuni kwa pamoja. Zamani kampuni ilijenga, serikali ikanunua, na mkaguzi wa serikali alisimama begani kwako mpaka unaona haya kupiga chafya. Safari hii wote walitia pesa, wote walitia watu, na mlangoni pakatundikwa bango kubwa: TIMU MOJA. Wakagawiwa kofia za rangi moja. Karatasi ya kila kipande ikawa na visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega, kimoja cha muhuri wa kampuni na kimoja cha muhuri wa serikali, na hakuna aliyeandika popote ni nani aanze.

Tangi la Kabari ndilo lililokuwa roho ya kazi. Lilikuwa la kuhifadhi haidrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, baridi ambayo mwanadamu hana pa kuifananisha. Kuta zake zilikuwa ngozi mbili nyembamba za kaboni, katikati yake kitu kama sega la nyuki, na vyote vimeshikwa kwa gundi iliyokuja kama utepe mpana kwenye roli. Gundi hiyo ilikaa kwenye friza. Ukiitoa, saa zinaanza kuhesabiwa, na kila roli ilikuwa na kadi yake ya kuandika imekaa nje saa ngapi. Zikiisha, unaitupa.

Aliyekuwa akiitandika gundi ile kwenye pembe ngumu za tangi ni Delfino Arriaga. Alikuwa mtu mfupi, mnyamavu, mwenye mikono ambayo Roberta alisema ingefaa kwa kukunja shuka za hospitali. Delfino hakuwa wa serikali wala wa kampuni. Aliletwa na wakala wa vibarua, kama walivyoletwa wengi, na beji yake ilikuwa ya rangi ya chungwa wakati za wenzake ni bluu. Miaka kumi na miwili amezunguka viwanda vyote vya bonde lile, Palmdale, Lancaster, mpaka Mojave, na hapakuwa na msimamizi aliyemkataa.

Jumanne moja ya Februari, walikuja wageni. Walikuja wa serikali na wa kampuni, na wapiga picha wao. Delfino alikuwa ameshatandaza gundi mezani, roli iliyokuwa imebakiwa na saa chache. Mafundi wote wakaambiwa waache kazi, wasimame pembeni, wavae kofia. Hotuba zikawa mbili, kisha tatu, kisha mzee mmoja wa serikali akataka kupigwa picha akiwa ameweka mkono juu ya tangi, na mzee wa kampuni naye akataka ya kwake. Wageni walipoondoka, Delfino aliitazama kadi ya roli, akaitazama saa ya ukutani, akamwendea msimamizi.

Msimamizi alikuwa Wendell Kopp, mtu mwema kwa kawaida, aliyependa kugawa peremende.

"Bosi, hii imekwisha muda," Delfino akasema. "Nitoe nyingine."

"Nyingine inakuja baada ya siku tisa."

"Basi tungoje siku tisa."

Wendell akacheka. "Delfino, ndugu yangu, tangi linatakiwa likabidhiwe Ijumaa wiki ijayo. Wamelitaja kwenye hotuba. Hukusikia?"

"Nilisikia. Gundi ndiyo haikusikia."

Mafundi waliokuwa karibu wakacheka. Wendell hakucheka tena. Akasema saa chache za ziada hazijawahi kuua mtu, na karatasi zina nafasi ya kuandika sababu. Delfino akaitandika gundi kama alivyoamriwa, kipande kikaingia kwenye tanuri la presha, kikatoka. Asubuhi yake, kabla hata hajanywa kahawa, akamfuata Roberta kwenye meza yake.

"Bi Roberta, njoo uisikilize ile pembe. Mimi siipendi."

Roberta akaenda. Akagonga. Sarafu ikalia, ikalia, ikalia, kisha kwenye kona ya chini, mahali pa upana wa sahani ndogo, ikanyamaza. Akarudia mara nne. Delfino alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi kama aliye msibani.

"Imekufa hapa," Roberta akasema.

"Nilijua."

Akatoa kadi nyekundu, ile inayofungwa kwenye kipande kisichopita. Akaandika tarehe, namba ya kipande, na mahali penyewe. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaandika na hili: *D. Arriaga alitoa taarifa kwamba gundi ilipita muda wa kukaa nje, aliomba ibadilishwe, hakuruhusiwa.* Akaifunga kadi kwenye tangi kwa waya.

Kadi ile ilikaa hapo kwa saa tatu tu.

Wendell alipokuja, hakugomba. Angegomba, huenda Roberta angesimama imara, maana alikuwa ameshagombezwa na wanaume wengi zaidi ya huyo. Aliketi kwenye kiti cha pembeni, akatoa peremende, akaongea polepole. Alisema tangi lisipotoka Ijumaa, wale wa serikali wanaoipinga Kabari watapata pa kushikia. Alisema kuna watu mia tatu bandani. Halafu akasema neno lililomshinda Roberta.

"Roberta, hatusemi tufiche tatizo. Tengvall anakuja kesho na mashine yake. Pembe ile yote ataipitia. Kama pana kitu, mashine itakiona na kitaandikwa kwa vipimo, siyo kwa sikio. Wewe piga tu muhuri wako tusogee. Wa pili ni wake."

Tengvall alikuwa mkaguzi wa serikali, mtu mrefu, mwangalifu, mzee wa kanisa la Kilutheri, asiyesema uongo hata kwa mzaha. Roberta alimwamini kuliko alivyojiamini. Akawaza, basi, mashine itaona. Akaifungua kadi kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, na kwenye kisanduku cha kwanza akapiga 214.

Delfino alikuwa ng'ambo ya banda, anasafisha meza yake. Roberta hakugeuka kumtazama.

Tangi likaondoka Ijumaa, juu ya lori pana, na njiani watu walitoka madukani kulitazama.

Likajaribiwa Novemba, katika jimbo la mbali huko kusini. Likajazwa ile haidrojeni baridi, likasukumwa kama litakavyosukumwa angani, na likashika. Watu wakapongezana. Likamwagwa. Lilipokuwa linapata joto taratibu, likiwa tupu na hakuna anayeligusa, ngozi ya nje ikabanduka kwenye ile kona ya chini. Ikapasuka kutoka hapo ikapanda juu mpaka mwanya ukatosha kupitisha mkono wa mtu. Habari zilimkuta Roberta kiwandani, kwenye mashine ya kahawa. Hakuna aliyeumia. Roberta alimshukuru Mungu kwa hilo, na alimshukuru kwa dhati, lakini alipomaliza kushukuru alikuwa bado amesimama palepale kwenye mashine ya kahawa, na Tengvall amesimama mbele yake, uso umempauka.

"Roberta," Tengvall akasema, "ile kona uliigonga?"

"Niligonga."

"Ndiyo maana. Mashine yangu haikuweza kuingia pale, mkono wake ni mnene. Nikaona muhuri wako. Nikasema, kama Roberta ameshasikiliza hapa, nina nini cha kuongeza. Nikapiga wangu."

Roberta akasema, "Mimi nilipiga wangu kwa sababu wewe ulikuwa unakuja."

Wakatazamana. Tengvall akachukua kikombe chake, akaenda zake, na tangu siku hiyo mpaka mwisho wa kazi ile hakuzungumza naye tena ila kwa karatasi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye alimwegemea Tengvall, Tengvall akamwegemea yeye, na katikati hapakuwa na mtu.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi, nusu serikali, nusu kampuni. Roberta alijiandaa. Alitoa kadi kwenye koti, akaipiga pasi ikanyooka, akaiweka kwenye bahasha. Alikuwa ameamua aseme yote: Delfino alisema, mimi nilisikia, niliandika, kisha nikaiondoa. Siku ya kuitwa alivaa gauni lake la Pasaka. Ndani palikuwa na watu saba na mwanasheria wa kampuni pembeni yake. Akaulizwa maswali sita. Muhuri ni wake? Ndiyo. Ana mafunzo? Ndiyo. Mafunzo ni ya sasa? Ndiyo. Alipofika la sita na hawajauliza kuhusu sauti, Roberta akasema, "Nina jambo la kuongeza kuhusu siku ile."

Mwanasheria akamgusa kiwiko. "Jibu ulichoulizwa, mama. Hicho kinatosha."

Mwenyekiti naye akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Bi Quillen, hapa hatutafuti mchawi. Tunatafuta kujua kama vifaa vya aina hii viko tayari."

Baadaye alielewa. Mkataba ulisema kosa likiwa la mtu wa upande mmoja, upande huo unajenga tangi jipya peke yake. Kosa likiwa la vifaa kutokuwa tayari, hasara ni ya wote na kila mtu anaondoka na heshima yake. Serikali haikutaka jina la Tengvall litoke. Kampuni haikutaka la Roberta. Kwenye jambo hilo moja walikuwa kweli timu moja.

Naye alipotoka chumbani na bahasha yake haijafunguliwa, lazima isemwe, kifua chake kilikuwa chepesi. Alitembea mpaka garini akijisikia kama aliyepona. Raha hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna miezi yote iliyofuata, kuliko hata kadi.

Kwa sababu taarifa ilipotoka, ilikuwa na kurasa mia na kitu za vifaa na joto na baridi, na kwenye ukurasa mmoja palikuwa na sentensi hii: haiwezi kukanushwa kwamba kazi ya ubandikaji katika kona husika haikufikia kiwango. Haikutaja mtu. Haikuwa na haja. Bonde zima lilijua ni mikono ya nani iliyobandika kona ile. Delfino hakuwa wa serikali wala wa kampuni, hivyo sentensi ile haikumuuma yeyote mezani.

Kwenye gari la chakula, wakati wa mapumziko ya mchana, ikawa ni mchezo.

"Delfino, hizo chapati zako za nyama umezibandika vizuri? Zisije zikadondoka."

"Mpe mkate wake, lakini yai alibandike mtu mwingine."

Delfino alikuwa akichukua chakula chake, anakwenda kula ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Roberta aliyaona hayo kwa macho yake akiwa kwenye foleni ileile, na siku moja alifungua mdomo kusema, "Mwacheni," na mtu mmoja akasema, "Ona, Bi Roberta mpole anawatetea hata wasiojua kazi," naye Roberta akalipa, akaondoka.

Wiki mbili baadaye wakala aliichukua beji ya chungwa. Delfino akaomba kazi kule Mojave, mahali alipowahi kufanya kazi miaka mitatu na kusifiwa. Wakamwambia watampigia. Akaomba Lancaster. Wakamwambia hivyohivyo. Roberta aliyapata haya kwa mwanamke wa chumba cha zana, na kila alipoyapata alijiambia, wiki hii nitaenda. Kisha ikaja wiki nyingine.

Alimwendea mchungaji wake. Mchungaji alikuwa kijana mwenye moyo mzuri. Akamsikiliza, akamshika mkono, akamwambia Mungu ameshamsamehe tangu alipotubu.

"Najua," Roberta akasema. "Lakini Mungu hakufukuzwa kazi."

Kijana wa watu akamwombea.

Machi ya mwaka uliofuata serikali ikasema haitatia pesa tena. Kampuni ikasema bila serikali haiwezi. Kila mmoja akamsifu mwenzake gazetini. Kabari ikabaki bandani, karibu yote imekamilika, mbawa ziko, magurudumu yako, haina tangi. Wakaifunika turubai. Watu mia tatu ambao Roberta alipiga muhuri kwa ajili yao wakapewa masanduku ya kubebea vitu vyao, naye akiwa mmojawapo. Muhuri wake ukasagwa kwa tupa, Wendell akiwa shahidi wa kwanza. Wendell alimpa peremende. Aliipokea kwa kuwa hakujua namna ya kuikataa.

Ndipo alipoandika. Aliandika kwa mkono, siku nne, kurasa mbili, akaenda kula kiapo mbele ya wakili pale Lancaster na kugongewa muhuri wa wakili. Alinakili kadi nyekundu akaiambatisha. Nakala moja aliituma serikalini na nyingine kwenye kampuni. Serikali ilijibu baada ya mwezi mmoja na nusu: inamshukuru, mradi umefungwa, kumbukumbu za watumishi ziko kwa kampuni, aandike huko. Kampuni ilijibu: inamshukuru, mradi umefungwa, uchunguzi ulikuwa wa serikali, aandike huko. Barua zote mbili zilimwita kwa jina lililokosewa, Quillan.

Iliyobaki ilikuwa nakala ya tatu. Hiyo ilikuwa na mtu mmoja tu wa kupelekewa, na ndiye aliyekuwa anamwogopa kuliko serikali.

Alikwenda Jumamosi, saa sita mchana, upepo unasukuma magugu makavu barabarani. Delfino alikuwa uani na shemeji yake Amador, wanapakia mabafu ya plastiki kwenye lori. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake sasa, kubandika mabafu kwenye nyumba mpya. Alipomwona Roberta alifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Bi Roberta."

"Delfino. Nimekuja kukuambia jambo. Siku ile ya kadi, mimi..."

"Uliitoa," akasema. "Nilikuona. Nilikuwa naosha meza."

Roberta akasimama na karatasi zake. Katika njia nzima aliyoifikiria, mwanzo mpaka mwisho, hapakuwa na mahali ambapo Delfino anajua tayari.

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mimi mtu wa beji ya chungwa, niseme kadi ilikuwepo, na kadi haipo, na muhuri wa Bi Roberta uko pale?" Hakuinua sauti. "Nikamwambia mke wangu, ngoja. Yule mama ni mtu wa Mungu. Atasema. Nikangoja Novemba, nikangoja Krismasi. Mojave walipokuwa wanafikiria, nikasema, sasa atasema."

"Nilikwenda kwenye kamati. Hawakutaka kusikia."

"Mimi ningetaka. Unajua nyumba yangu ilipo."

Rosario, mke wa Delfino, alikuwa ametoka mlangoni, unga wa mahindi mikononi, na Amador ameketi kwenye ukingo wa bafu anasikiliza. Amador alikuwa mcheshi wa familia. Ndiye aliyekuwa akisema, kila anapokuja kula, kwamba shemeji yake ameangusha ndege ya serikali kabla haijaruka. Roberta hakuyajua hayo, lakini aliona jinsi Rosario alivyomtazama kaka yake.

Roberta akanyoosha mkono wenye karatasi. "Nimeapa mbele ya wakili. Yote yamo. Waweza kuwaonyesha Mojave."

Delfino akapokea, akatazama ukurasa wa kwanza, akatafuta tarehe kwa kidole. "Juni," akasema. "Mojave waliajiri Aprili. Wamejaza." Akamrudishia.

Roberta akafikiri amefukuzwa. Akaanza kukunja karatasi.

"Hapana," Delfino akasema. "Usiikunje. Isome."

"Wewe umeshajua yaliyomo."

"Mimi najua. Hawa hawajui." Akamwashiria Rosario aje, akamwita na mama mkwe kutoka ndani, kikongwe aliyekuja anaburuta viatu, akaketishwa kwenye kiti cha uani. Akamgeukia Amador. "Na wewe zima hiyo redio."

Akasimama hapo mwenyewe, mikono nyuma. Roberta akavaa miwani. Upepo ulitaka kumnyang'anya karatasi akazishika kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti ileile aliyosomea maandiko kanisani kwa miaka thelathini, sauti iliyozoea kusikilizwa. Alisoma jina lake na umri wake. Alisoma ya wageni na picha, na roli iliyokwisha muda. Rosario alikuwa akimfasiria mama yake sikioni kwa Kihispania, sentensi kwa sentensi, kwa hiyo kila alichokisema Roberta kilisemwa mara mbili. Alipofika pale ilipoandikwa kwamba D. Arriaga alitoa taarifa na aliomba gundi ibadilishwe, Delfino akamzuia.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Polepole. Bibi hakusikia."

Akarudia mara ya tatu. Amador alikuwa ametazama chini, anakwangua kitu kwenye bafu kwa ukucha.

"Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho: *nikaiondoa kadi kwa mkono wangu, nikapiga muhuri, na Delfino Arriaga hakuwa na kosa lolote.* Akavua miwani. Kikongwe akasema neno fupi kwa lugha yake, na Rosario hakulifasiri.

"Naomba unisamehe," Roberta akasema.

Delfino aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Amador," akasema, "shika upande ule." Wakainua bafu pamoja, wakalitia kwenye lori, wakarudi kuchukua jingine.

Roberta alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kisha Rosario akaja, akamfungulia geti, akalishika lisipigwe na upepo mpaka alipopita.